Mizani ya Zamu ya Usiku

Vingunguti, saa nne za usiku, chumba cha mizani.
Bensoeti ya sodiamu: gramu mia na hamsini
kwa tangi la lita elfu moja.
Isizidi, anasema Bi Kokushubira, wala isipungue.
Ikizidi tunafungiwa.
Ikipungua, juisi inachacha dukani kwa Mpemba wa watu,
kifuniko kinaruka, na simu inanitafuta mimi.

Asidi ya sitriki ni nyeupe, inameremeta,
ukiiramba unafumba jicho moja:
ndimu isiyojua mti wala mwiba.
Na rangi, namba mia moja na kumi,
imenikaa kwenye kucha tangu Jumatatu.
Nikirudi asubuhi Zawena huninusa vidole:
"Jana ulikuwa embe au pesheni?"
Nilikuwa embe, mwanangu.
Embe lenyewe, humo tangini, ni sehemu moja ya kumi.
Kilichobaki ni maji, sukari, na sisi.

Mama yangu, Mbagala Kizuiani, hataki hata kusikia.
"Mnawalisha watu madawa,"
husema, huku akitupia kipande cha magadi
kwenye sufuria ya maharage, yaive upesi.
Siku moja nikathubutu:
Mama, hayo magadi nayo yana namba. Mia tano.
Imeandikwa kwenye magunia yetu, upande wa biskuti.
Akaniangalia kama niliyemtukania ukoo.
"Magadi ni magadi. Namba ya nini, kwani mfungwa?"
Nikanyamaza. Maharage yakaiva.
Nikala, nikaongeza.

Sikumtajia ubuyu wake,
ule wa vifuko vya shilingi mia,
mwekundu hata ulimi wa mtoto hukiri kabla ya kuulizwa.
Rangi yake huinunua Kariakoo, kwa kijiko,
ndani ya karatasi isiyo na neno hata moja.
Mimi napima kwa mizani ya nukta tatu,
inayokaguliwa kila mwezi wa sita.
Yeye hupima kwa jicho.
Jicho la mama nani atalikagua?

Ila kuna gunia moja,
la nne kutoka mlangoni, lenye maandishi nisiyoyajua.
Karajinani. Unga mkavu, hauna harufu.
Bi Kokushubira, aliyekulia Bukoba katikati ya vanila
na sasa anatia kwenye aiskrimu vanila ya maabara
("ya kwetu ghali, inakwenda kwa wenye nazo"),
ndiye aliyenifungua macho:
huu ni mwani.
Mwani upi?
Huo huo unaoujua.

Shangazi Mwatima aliuinamia Jambiani
miaka kumi na minne, maji ya magoti,
akifunga kamba, akifungua kamba,
akauza kilo kwa bei isiyofika nauli.
Mgongo wake ukajifunza kuinama, ukasahau somo la pili.
Na mwani ukasafiri,
ukachemshwa, ukavuliwa rangi, ukasagwa,
ukashuka bandarini hapa na karatasi zake zote kamili,
mgeni rasmi.

Gramu thelathini. Nanyunyiza taratibu,
ukiharakisha unashika mabonge.
Maziwa yanazunguka, yanazunguka,
halafu yanakubali.
Kilichomwinamisha shangazi
ndicho kinachoisimamisha aiskrimu
juani, Mtaa wa Kongo, dakika tano zaidi.

Jumamosi nilimnunulia Zawena kikopo kimoja.
Yuko darasa la pili, husoma kila kitu:
mabango, risiti, matangazo ya waganga.
Akaweka kidole kwenye herufi ndogo kuliko sisimizi.
"Ki-i-ma-ri-shi. Mama, kiimarishi ni nani?"
Nilitaka kusema si nani, ni nini.
Nikasema: ni bibi yako Mwatima.

Akakigeuza kikopo, akatafuta jina.
Akakigeuza tena.
"Hawajamwandika," akasema,
na aiskrimu ikaanza kumchuruzikia kiwikoni.